Ripoti inayotaja aina mbili za uvimbe wa neva

Ndugu yangu, umeuliza kama maabara imekosea, kwa kuwa ripoti ya uvimbe uliotolewa mkononi mwako inataja shwanoma (uvimbe wa seli za Schwann, zinazofunika nyuzi za neva) na perineurioma (uvimbe wa seli za perineuriamu, utando unaozunguka vifungu vya nyuzi hizo) kwa pamoja. Si lazima iwe imekosea: uvimbe mseto wa ala ya neva, yaani wenye aina zaidi ya moja ya seli za kifuniko cha neva, upo, si saratani, na mchanganyiko huo ndio unaoonekana zaidi. Chini ya hadubini seli zake huwa nyembamba na ndefu, zimejipanga kama mizunguko, hivyo jicho pekee halitoshi. Rangi za kingamwili, yaani zinazonasa protini maalumu za seli, ndizo huzitenganisha, rangi ya S100 ikishika seli za Schwann na ya EMA ikishika zile za perineuriamu zilizo kando yake. Uliza kama vipimo hivyo vilifanyika. Ikiwa una vinundu vingi, nakusihi umwone pia mtaalamu wa jenetiki, maana huenda kuna nyurofibromatosisi au shwanomatosisi, magonjwa ya kijenetiki yanayoleta uvimbe mwingi kwenye neva.