Wajomba Wananikabidhi Ufunguo wa Chumba cha Kaka Yangu

Mwanangu wa Gongo la Mboto,

Umeniandikia kwamba kaka yako, mwenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, ameruhusiwa kutoka wodini kwa mara ya tatu, na kwamba wajomba zako wameamua chumba chake cha uani kitiwe komeo kwa nje, ufunguo ukae kwako. Unauliza iwapo ukikataa utakuwa umewavunjia heshima.

Kataa, mwanangu. Komeo litazuia vurugu za siku moja, lakini halitamfanya atumie dawa, wala halitamwezesha mtu yeyote kuona mapema kwamba hali inabadilika.

Kuna jambo umelitaja kwa haraka, nami ningependa tukae hapo: kila alipozidiwa, alikuwa ameacha vidonge kwa sababu vilimtetemesha mikono na kumlaza hadi mchana. Huo si ukaidi. Ni madhara ya dawa yanayojulikana, na daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kumwanzishia sindano ya kila mwezi, ili nyumba yenu isigombane kila jioni kwa ajili ya kidonge. Nenda naye kliniki, kisha umwache aeleze kwa kinywa chake mwenyewe.

Wajomba waombe msaada wenye siku yake: mmoja amsindikize kliniki, mwingine akae naye Jumamosi nawe upate kulala, maana barua yako ni ya mtu aliyechoka sana. Kaka yako akiridhia, mjumbe wa shina na majirani wawili unaowaamini waelezwe dalili za mwanzo, yaani kukesha, kuzungumza peke yake na kukataa chakula, ili wakupigie simu wewe kabla mtu asiyemfahamu hajapiga yowe la mwizi.

Kazi nayo ni sehemu ya matibabu. Katika kijiji cha Vikuruti, kilicho chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, wagonjwa waliopata nafuu hulima na kufuga huku wakiendelea na dawa, wakijiandaa kurudi kwao. Umesema kaka yako alikuwa fundi baiskeli. Mtafutie fundi mvumilivu atakayempokea kwa muda wa saa mbili asubuhi, azibe pancha mbili tatu, na ujira wake apewe yeye mkononi.

Ufunguo warudishie wajomba kwa adabu, kaka yako akiwa ameketi pembeni yako, kwa kuwa umeniambia kwamba kikao cha kwanza kilimjadili bila yeye kuitwa.

Shangazi yako