Tumepanga folda upya, sa marekebisho yatahamaje branchi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Tuko vijana wachache hapa Mwanga, Kigoma, tuna mfumo wa mauzo na stoo kwa wauza mawese na dagaa. Wateja wa huku wako kwenye branchi (tawi la programu linaloendelezwa peke yake) ya zamani, wateja wa asali wa Tabora wako kwenye mpya. Folda zimeingiliana mno, unafungua sita ndo ulikute faili la risiti, na kila bagi (kosa la programu) tukirekebisha huku inabidi tukopi kwa mkono kule. Tumeamua tunyooshe folda kwenye branchi mpya tu, ya zamani tuiache maana inafanya kazi. Tuko sawa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kunyoosha folda ni sawa kabisa, ila kuinyoosha branchi moja ukaacha nyingine, hapana, hapo mnajiongezea kazi.

Iko hivi, Git, yaani programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili (Linus Torvalds aliianza 2005), haitunzi popote kwamba faili fulani limehamishwa, hata ukitumia git mv, amri yake ya kuhamisha faili. Inakisia tu. Ukifanya cherry-pick, yaani kuchukua rekebisho moja toka branchi hii kulipeleka ile, inachukua faili lilivyokuwa kabla ya rekebisho lako, inalilinganisha na yaliyopo kwenye branchi unayopeleka, na likifanana kuanzia asilimia 50 inasema ndo hili hili limehama. Haipiti komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja moja kuona safari yake. Kwa hiyo mafaili marefu mtapona, ila vile vifaili vifupi, umekihamisha afu ukabadilisha import zake zote (mistari inayoita mafaili mengine), hakifanani tena na cha zamani, Git inakuambia kimefutwa, na mnarudi kukopi kwa mkono.

Hivo andikeni skripti ndogo ya kuhamisha, iendesheni kwenye branchi zote mbili siku moja. Komiti ya kwanza iwe ya kuhamisha tu, ya pili ndo irekebishe import, maana vikichanganywa anayekagua haoni chochote. Kazi zilizobaki kwa watu ziunganishwe (merge) kwanza. Folda zipangeni kwa kazi yake, mauzo, stoo, risiti, ngazi mbili zinawatosha. Na majina yote herufi ndogo jamani, Windows inaona Risiti na risiti ni kitu kimoja ila seva ya Linux inaona viwili, hilo linasumbua watu sana. Baada ya hapo kila rekebisho lihamisheni kwa cherry-pick -x, inaandika namba ya komiti lilikotoka, mtajua kipi kimeshahama na kipi bado.

Ila kinachonisumbua zaidi kwenye barua yenu ni hizo branchi zenyewe. Kama tofauti ya Kigoma na Tabora ni huku mnauza kwa dumu na kule kwa kilo, hiyo ni mipangilio ya mteja, iwekeni kwenye faili la mipangilio, code ya programu ibaki moja. Mkishalingana folda, fanyeni git diff, amri ya kuonyesha tofauti, kati ya branchi hizo mbili mwone kilichobaki ni nini hasa.