Safari na Nauli: Kadi tatu za wakala, na ile ambayo hakuitaja

SWALI: Mwanangu ana miaka 27. Septemba anakwenda Leeds, Uingereza, kusoma shahada ya uzamili. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na Julai ijayo nitamtembelea, tuzunguke pamoja hadi York na London. Wakala mmoja hapa mjini anatuuzia kadi tatu kwa mpigo: ISIC ya mwanafunzi na IYTC ya kijana kwa mwanangu, na ITIC ya mwalimu kwangu. Anasema treni zote zitakuwa nusu bei. Tulipe? — Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, usilipe bado. IYTC ni ya kijana asiyezidi miaka 30 ambaye si mwanafunzi. Mwenye ISIC haihitaji, na kumuuzia mtu mmoja zote mbili ni kumvisha kofia juu ya kilemba.

ISIC yenyewe si ya kubeza. UNESCO inaitambua tangu 1968, haina ukomo wa umri kwa anayesoma muda wote, na kijana akitoka Uingereza kwenda nchi nyingine itamsaidia pale kitambulisho cha chuo kinapotiliwa shaka. Lakini kazi yake ya kwanza ni kumtambulisha. Punguzo analitoa mwenye duka au mwenye hoteli aliyekubali kulitoa.

Treni za Uingereza zina kadi zao, zinaitwa Railcard, na hizo wakala wako hakuzitaja. Zinapunguza theluthi moja ya nauli, si nusu. Haziulizi uraia. Kwa miaka 27 watu watamwambia mwanao achukue ile ya 26-30. Asikimbilie. Ile ya 16-25 inapokea pia mwanafunzi aliyepita miaka 25, mradi anasoma muda wote: zaidi ya saa 15 kwa wiki, kwa wiki zisizopungua 20 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu aulize idara yake kama masomo yake yanafikisha saa hizo, kisha chuo kimthibitishie kwenye fomu hiyo. Bei ni moja, pauni 35 kwa mwaka. Tofauti iko asubuhi. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne, kadi zote mbili zina kima cha chini cha nauli, pauni 12, hivyo safari fupi ya asubuhi haipati nafuu. Kwa ya 16-25 kima hicho huondolewa Julai na Agosti, na wewe unakwenda Julai.

Akishaipata, aende nayo kwa mhudumu wa stesheni ya treni za chini ya ardhi London aiunganishe na kadi yake ya Oyster, ile ya kulipia nauli za usafiri wa London. Nauli za nje ya saa za msongamano zitapungua humo pia.

Sasa wewe. ITIC ni kadi halali ya walimu, ila kwa ziara hii sioni itakulipa nini. Makumbusho makubwa ya kule, British Museum ya London, Royal Armouries ya Leeds na ile ya reli pale York, kuingia ni bure kwa kila mtu. Kinachokufaa kinaitwa Two Together: kadi moja ya watu wawili, picha zenu zote juu yake, theluthi moja mkisafiri pamoja. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Nayo ni pauni 35. Kwa kuwa mwanao tayari ana nafuu yake, piga hesabu ya nauli zako peke yako: zikizidi pauni 105, kadi imejilipa. Zisipofika hapo, iache, ukate tiketi za Advance mapema, maana hizo ni za bei ya chini hata bila kadi.

Jambo moja la kumwonya kijana. Huku kwetu sare ndiyo kadi, na konda akikataa mnabishana mlangoni. Kule mkaguzi anataka aione Railcard pamoja na tiketi. Kadi ikiwa kwenye simu na simu imezima, anakuhesabu huna.

Umri wako hukuutaja, nami sikuulizi. Ila kama Julai utakuwa umetimiza 60, iko Senior Railcard, theluthi ileile kwa pauni zilezile 35, na huhitaji kumsubiri mwanao amalize vipindi ndipo upande treni.