Walibertari, watumishi wa serikali na vyama vyao: jibu la aliyefanya kazi Wisconsin

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, walibertari wa Marekani, yaani watu wanaotaka serikali iwe ndogo na mambo yaende kwa hiari, wanapowaita watumishi wa serikali kupe wa walipa kodi wanasukumwa na nadharia au na chuki tu? Pili, je, mtu anayeamini soko huria anaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi serikalini bila kujipinga mwenyewe? Nimefanya kazi miaka mingi kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee inayomilikiwa na kaunti moja ya Wisconsin, kabla na baada ya sheria ya mwaka 2011 iliyovunja nguvu za vyama vyetu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyasoma na kwa yaliyonikuta. Kwa maoni yangu nadharia ipo, na ina uzito kuliko wanachama wenzangu wanavyopenda kukiri. Hata hivyo uzito wake uko katika swali la nani ameketi upande gani wa meza ya majadiliano, na linapofikiwa suala la mshahara wa anayemgeuza mzee kitandani usiku wa manane, hoja huanza kulegea.

Mlibertari wa kweli hana ugomvi na watu kuungana, kuchanga na hata kuacha kazi kwa pamoja, kwa sababu hayo yote ni ya hiari. Kinachomkera ni sheria inayomlazimisha mwajiri kujadiliana au mfanyakazi kulipa. Mwanauchumi Milton Friedman, kwa mfano, aliandika mwaka 1962 kuzipinga hata zile sheria za majimbo zinazokataza mkataba wa kumtaka kila mfanyakazi awe mwanachama, akiziona kuwa ni serikali kuingilia uhuru wa watu kuwekeana mkataba wanaoutaka. Sheria hizo, ambazo majimbo yaliruhusiwa rasmi kuzitunga na sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947, ndizo leo zinazopeperushwa kama bendera na wanasiasa wengi wanaojiita watetezi wa soko huria.

Serikalini hoja hubadilika, na hapa ndipo ninapowapa haki yao. Mwenye kiwanda anajadiliana kwa fedha yake, na akitoa kupita kiasi anafilisika. Diwani anajadiliana kwa fedha ya mlipa kodi ambaye hayumo chumbani, na mbele yake wameketi viongozi wa chama kilichochangia kampeni yake na kitakachowahimiza wanachama wampigie kura tena. Akiona aibu kuongeza mshahara mwaka huu, anaweza kuahidi pensheni nono ambayo deni lake litaiva yeye akiwa ameshastaafu. James Buchanan, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1986, alijenga taaluma nzima juu ya wazo kwamba mtu hageuki malaika kwa kuajiriwa na serikali. Mji wa Vallejo huko California ulipoomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2008, sehemu kubwa ya bajeti yake ilikuwa imekwenda katika mishahara na mafao ya polisi na zimamoto. Wala wasiwasi huu si wa mrengo mmoja: Rais Franklin Roosevelt, rafiki mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, aliandika barua mwaka 1937 akisema majadiliano ya pamoja, kama yanavyoeleweka kwa kawaida, hayawezi kuhamishiwa katika utumishi wa umma. Mambo yalibadilika baadaye. Wisconsin yenyewe ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu majadiliano hayo kwa sheria, mwaka 1959, na sasa karibu asilimia 32 ya watumishi wa umma Marekani ni wanachama, wakati katika sekta binafsi hawafiki hata 6.

Kuhusu ada sina mengi, kwa sababu msomaji wa Kenya au Tanzania analijua suala hili kwenye hati yake ya mshahara. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 zote zinaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale ambapo chama kimejadiliana kwa niaba ya wote, na sababu ni ileile, kuzuia watu kudandia, yaani kunufaika na mkataba bila kuuchangia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta ada hiyo kwa watumishi wa umma tarehe 27 Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois aliyekuwa akikatwa dola 44.58 kwa mwezi. Alisema kuwa kila anachojadiliana mtumishi na serikali ni siasa, kwa kuwa kinagusa bajeti ya umma, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kugharimia siasa asiyoiamini. Mimi ni mwanachama, lakini sijapata jibu safi la hoja hiyo.

Sasa tuje kwenye mishahara. Walibertari wengi huchukua wastani wa malipo ya mtumishi wa serikali kuu, wakaulinganisha na wastani wa mfanyakazi wa sekta binafsi, na kutangaza wizi. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilifanya kazi ya uangalifu zaidi katika ripoti ya mwaka 2017, ikilinganisha watu wenye elimu na uzoefu unaofanana. Ikaona kuwa mtumishi wa serikali kuu mwenye elimu ya sekondari au chini yake alipata, mshahara na mafao yakijumlishwa, asilimia 53 zaidi ya mwenzake wa nje. Mwenye shahada ya kwanza alipata asilimia 21 zaidi. Na daktari, mwanasheria au mwenye shahada ya uzamivu alipata asilimia 18 pungufu. Kwa hiyo anayesema watumishi wote wanalipwa kupita kiasi amekosea, na anayesema wote wanapunjwa amekosea vilevile. Serikali inawabana wasomi wake na kuwainua walioishia sekondari, na kama hilo ni kosa au ni jambo jema, takwimu peke yake haziwezi kukuamulia.

Mwaka 2011 Gavana wa Wisconsin, Scott Walker, alipitisha sheria inayojulikana kama Act 10. Maelfu walijaa katika jengo la bunge la jimbo mjini Madison wiki kadhaa, na maseneta 14 wa chama pinzani cha Democratic wakakimbilia jimbo jirani la Illinois ili akidi isitimie, lakini sheria ikapita. Tangu hapo tulianza kukatwa nusu ya mchango wa pensheni, ambayo mwaka ule ilikuwa asilimia 5.8 ya mshahara, na kulipia sehemu kubwa zaidi ya bima ya afya. Chama kilibakiziwa kujadili kitu kimoja tu, mshahara wa msingi, tena nyongeza isizidi mfumuko wa bei bila kura ya maoni ya wakazi. Kila mwaka kilitakiwa kupigiwa kura upya na kupata asilimia 51 ya wafanyakazi wote wanaohusika, ambapo asiyepiga kura alihesabiwa kuwa amekikataa.

Makato yaliuma, lakini kilichotuumiza zaidi kazini kwetu ni daftari. Katika meza ya wauguzi ya kila ghorofa palikuwa na daftari lenye orodha ya majina: wa zamu inayofuata asipotokea, aliye juu ya orodha ndiye anayebaki, kisha jina lake linashuka chini kabisa. Huwezi kuwaacha wazee thelathini bila mtu, kwa hiyo lazima abaki mmoja, na daftari lile lilikuwa limeandikwa katika mkataba wetu. Mkataba ulipoisha, daftari likaondolewa, na msimamizi akawa anachagua amtakaye. Waliochaguliwa mara kwa mara walikuwa wale wasiojua kukataa, na wengi wao walikuwa wahamiaji kama mimi. Dada mmoja kutoka Bukavu alibakizwa hadi alfajiri huku mtoto wake akiwa kwa jirani, kisha wiki ileile akabakizwa tena.

Tulikuwa na fundi wa boila, mzee wa Kimarekani, mlibertari kindakindaki, ambaye wakati wa kahawa alikuwa akisema kaunti haipaswi kumiliki nyumba ya wazee hata kidogo. Nilimwuliza kuhusu daftari. Alijibu kuwa mtu asiyetaka kubakizwa aache kazi, na wakiondoka wa kutosha mwajiri atajifunza. Waliondoka kweli, na kaunti ikaanza kukodi wasaidizi kutoka kwa mawakala kwa bei ya saa iliyozidi sana yetu, kabla ya kupandisha mishahara shingo upande. Kwake hilo lilikuwa soko likifanya kazi yake. Kwangu ilikuwa njia ndefu na ya gharama ya kufikia mahali ambapo daftari la shilingi chache lilikuwa limetufikisha, na katikati ya njia hiyo wapo wazee waliooshwa na watu wasiojua hata majina yao.

Mzee huyu alikuwa na sifa moja ambayo siioni kwa wanasiasa wanaotumia lugha yake: hakuwasamehe polisi. Act 10 iliwaacha polisi na zimamoto na haki zao zote za zamani. Askari wa doria wa barabara kuu walisazwa, askari magereza wakabanwa. Kama hoja ni kwamba chama kikikaa mezani na mwanasiasa kitajipatia vya umma, basi chama cha kwanza kuogopwa ni cha wenye bunduki na pingu, maana mkataba wao haugusi fedha tu. Mara nyingi unaamua malalamiko ya raia yanachunguzwaje na rekodi za nidhamu zinatunzwa muda gani. Huko California chama cha askari magereza kilichangia kampeni ya mwaka 1994 ya sheria ya kumfunga maisha anayetiwa hatiani kwa mara ya tatu, yaani walinzi wakitetea wafungwa wazidi. Walibertari wenye msimamo wameyaandika haya kwa miaka mingi. Wanasiasa huyapita kimya, kwa kuwa polisi huwapigia kura. Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane, ulipo mji wa Madison, aliifuta sehemu kubwa ya Act 10 kwa sababu ya ubaguzi huohuo kati ya makundi mawili ya watumishi, na suala likaenda rufani.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuambia vyama vya watumishi wa umma vifutwe, mwulize kwanza kuhusu polisi, na jibu lake litakuonyesha kama unazungumza na mlibertari au na mtu aliyechukia walimu na wauguzi tu.

Kuhusu swali lako la pili, inawezekana, na nimeiona. Yule fundi alijitoa na kuacha kulipa mara tu sheria ilipomruhusu. Ilipofika kura ya mwaka, ambayo ilipigwa kwa simu na hata wasio wanachama walikuwa na haki ya kushiriki, alipiga ndiyo. Alisema serikali haina mamlaka ya kukiita kimya cha mtu kuwa ni hapana. Kisha akaanza kulipa ada mkononi kwa mweka hazina, mwezi hadi mwezi, huku akiendelea kudai kaunti iiuze ile nyumba.