Maswali ya Wasomaji: Insulini haiingii ndani ya seli, basi inafanyaje kazi?

Swali: Mama ana kisukari cha aina ya pili. Twaambiwa insulini anayo mwilini, tena ya kutosha, ila seli "haziisikii". Mwanangu wa sekondari naye asema insulini haiingii kabisa ndani ya seli. Kilichobaki nje kitaamrishaje mambo ya ndani?
*Msomaji, Kisauni*

Jibu: Mwanao kakaribia kweli: insulini hutoa amri ikiwa nje, ingawa baadaye huweza kuvutwa ndani pamoja na kipokezi chake na kuvunjwa. Insulini ni protini ya asidi amino 51, na utando wa seli ni wa mafuta, hivyo haipenyi. Kazi hufanywa na kipokezi, protini ya kwenye utando iliyochomoza pande zote mbili, nje na ndani. Kina vipande vinne vilivyofungamanishwa kwa salfa: alfa viwili vilivyo nje, ambavyo huishika insulini, na beta viwili vinavyopita hadi ndani. Sehemu ya ndani ya beta ndiyo kimeng'enya chenyewe, yaani kichocheo cha kazi za kikemia.

Wengi hupenda mfano wa kufuli na ufunguo. Sisi twaona koleo la makaa lafaa zaidi. Bila insulini kipokezi kimetanuka kama V iliyopinduliwa, miguu mbalimbali. Insulini ikishika, sehemu ya nje hujikunja mfano wa T na miguu ya ndani hukaribiana. Kila mguu una kitanzi kinachoziba mdomo wa kimeng'enya chake, kisije kikafanya kazi ovyo. Sasa mmoja huchukua fosfeti kutoka kwa ATP, kibeba nishati cha seli, na kuibandika kwenye tairosini (aina ya asidi amino) tatu za kitanzi cha mwenzake, na mwenzake hufanya vivyo hivyo. Kitanzi chenye fosfeti tatu hukaa kando, mdomo ukabaki wazi.

Kimeng'enya kilichoamka huzibandika fosfeti protini za IRS, wapokeaji wa kwanza wa ujumbe ndani ya seli, ujumbe ukapokezanwa hadi Akt, protini nyingine ya ndani. Katika misuli na mafuta, vifuko vilivyobeba milango ya glukosi, GLUT4, huja juu na kuungana na utando. Hapo ndipo sukari inapoingia.

Kwa mama, insulini kushika kipokezi mara nyingi si tatizo kubwa. Ujumbe hukwama mbele. IRS hubandikwa fosfeti kwenye serini, asidi amino nyingine, badala ya tairosini, sauti ikafifia. Tena insulini ikijaa damuni siku nyingi, seli huvivuta vipokezi ndani na kuvipunguza. Lakini msuli unaofanya kazi huleta GLUT4 juu bila kungoja insulini, kwa hiyo matembezi ya baada ya chakula yana faida yake hata kama kipokezi kimezubaa.

Swali: Joto letu hili huharibu nini hasa kwenye insulini ya chupa?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Umbo. Joto na kutikiswa sana hufanya chembe zishikane zikawa nyuzi, na uzi hauwezi kukaa kwenye vipande vya alfa vya kipokezi. Kuganda nako huiharibu, kwa hiyo usiiegemeze kwenye friza. Isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikishafunguliwa, aina nyingi huvumilia takriban siku 28 chini ya nyuzijoto 30, ila soma karatasi yake, maana zinatofautiana. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, lakini hewa ya Mombasa ina unyevu, maji hayakauki upesi, hivyo haupoi kama wa nchi kavu. Weka kipimajoto ndani uhakikishe. Insulini iliyo angavu kama maji ikiwa na ukungu au nyuzi, itupe. Ile yenye sura ya maziwa asili yake ni ukungu. Wasiwasi uanze ukiibingirisha taratibu na mabonge yasiyeyuke. Na yaweza kupungua nguvu huku sura ni ileile, basi sukari ikipanda bila sababu jaribu chupa mpya kabla ya kuongeza kipimo.