Kulipa madeni ya nyumba kwa kufuata kalenda ya shule

Mtu mwenye ajira, watoto wa shule na madeni hupewa ushauri wa namna mbili kila aendako: abane matumizi, na atafute kazi ya ziada. Sina ugomvi na ushauri huo, lakini katika nyumba yetu hapa Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, haukutosha, kwa sababu marejesho ya mikopo hudaiwa kila mwezi kwa kiasi kilekile, ilhali matumizi ya nyumba yenye wanafunzi hayafanani mwezi kwa mwezi. Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, mihula inapofunguliwa, fedha zote huelekea shuleni, na ni katika miezi hiyo ambapo watu wengi hukopa huku ili walipe kule.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha, na kwa kuwa mpaka wetu haufungwi usiku wala mchana, kazi yenyewe ni ya zamu. Mume wangu ni mwalimu katika shule ya binafsi. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 mshahara wake ulisimama, na ingawa baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi kwa vipindi, shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wakati huo nyumba tuliyokuwa tukiijenga ilikuwa imekwisha kuezekwa kwa mabati tuliyochukua kwa mkopo. Kufikia siku walimu walipoitwa tena kazini, tulidaiwa na Sacco (chama chetu cha akiba na mikopo), na kampuni ya mikopo ya simu, na mkopeshaji binafsi, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Jambo la kwanza ninaloshauri ni kuandika mwaka mzima katika ukurasa mmoja wa daftari, mume na mke wakiwa wameketi pamoja, kabla ya kuandika deni hata moja. Sisi tulianza na ada, kisha ile orodha ya mahitaji ambayo shule huituma kila muhula: rimu ya karatasi, mifagio, karatasi za chooni, sukari, sabuni. Watu hukumbuka ada na kusahau orodha, na orodha ya watoto watatu inaweza kumeza rejesho zima la mwezi. Baada ya hapo tuliweka alama kwenye miezi ambayo shule haidai kitu, nayo ni mingi kuliko tulivyodhani. Deni hulipwa kwa nguvu katika miezi hiyo, na miezi ya kufungua shule huachiwa mzigo mwepesi.

Ili mpango huo ufanye kazi, anayekudai lazima akubali. Nilikwenda kwenye kamati ya mikopo ya Sacco mwezi Novemba, kabla sijachelewesha rejesho lolote, nikaomba nilipe nusu katika miezi ya kufungua shule na kufidia katika miezi inayofuata. Mwenyekiti, mzee ambaye hana haraka na jambo, aliniuliza swali moja tu: “Mama, hiyo nusu ya Februari utaitoa wapi mwezi Machi?” Nilimwonyesha ratiba ya zamu na ukurasa wetu wa daftari. Walikubali kwa maandishi, na wadhamini wangu wakaarifiwa. Sidhani wangenisikiliza kama ningefika Machi nikiwa tayari nimekwama, kwani kufikia hapo wadhamini huwa wamekwisha kupigiwa simu na maelezo yako yote husikika kama visingizio.

Kuhusu deni gani litangulie, wapo wanaoshauri kuanza na dogo ili mtu apate moyo. Mimi naangalia riba, na baada ya riba naangalia kile ambacho mdai amekishika. Mkopo wetu wa simu ulitozwa 9% kwa siku 30, kiasi ambacho kinaonekana kidogo mpaka ukipige hesabu. Kwa shilingi 300,000 ni shilingi 27,000 kwa mwezi, na mtu anayelipa leo na kukopa tena kesho kwa mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 324,000 za ada ya mkopo, huku zile 300,000 za mwanzo zikibaki palepale. Na kila anapozitoa kwa wakala wa pesa za simu, mbali na gharama ya huduma, hukatwa kodi ya 0.5%. Sacco yetu hutoza 2% kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani shilingi 6,000 mwezi wa kwanza kwa kiasi hichohicho, na kupungua kila unapolipa.

Mkopeshaji binafsi alikuwa ameshika kadi ya ATM ya mume wangu pamoja na namba yake ya siri. Walimu wengi hapa huliona hilo kuwa jambo la kawaida, lakini sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji hairuhusu mkopeshaji kuchukua kadi hiyo, namba ya siri au kitambulisho cha taifa kuwa dhamana, na mwaka 2024 riba ya wakopeshaji hawa iliwekewa kikomo cha 2.8% kwa mwezi. Mwenye kadi mkononi ndiye anayepanga nani alipwe kwanza, na mpango wowote wa daftarini hauna maana mpaka kadi irudi. Kwa hiyo tuliongeza mkopo kidogo Sacco, tukamlipa wote kwa siku moja, na mume wangu akabadilisha namba ya siri jioni hiyohiyo. Kuhamisha deni kutoka kwenye riba kubwa kwenda kwenye ndogo ni jambo la busara, mradi lifanyike mara moja na mlango wa zamani ufungwe; anayehamisha deni na kuacha laini ya mkopo wa simu ikiwa wazi atajikuta na yote mawili kabla ya muhula kwisha.

Sasa nije kwenye kazi ya ziada, ambayo ndiyo huleta mabishano zaidi katika nyumba nyingi. Ofisini kwetu zamu ya usiku ya ziada hulipwa shilingi 30,000, na mtu anayedaiwa huzikimbilia bila kuuliza. Niliandika gharama zake. Bodaboda ya usiku ni 4,000 na ya asubuhi 2,000. Chakula cha kwenye vibanda vya mpakani ni 5,000. Dada anayetusaidia nyumbani hulipwa 5,000 zaidi akilala na watoto. Na kwa kuwa mchana unaofuata ninalala badala ya kupika, chapati na mayai ya kununua huchukua kama 6,000. Kinachobaki ni shilingi 8,000. Bado sijahesabu mtoto wa darasa la nne ambaye hakukaguliwa kazi yake ya nyumbani, wala hasira ninazorudi nazo baada ya kukesha na madereva waliochoka wanaodai karatasi zao.

Wakati wa likizo hesabu hubadilika. Mume wangu yupo nyumbani, dada hahitaji malipo ya usiku, chakula cha mchana kinapikwa, na zamu ileile huacha shilingi 19,000. Hivyo nilimwomba msimamizi wangu anipangie usiku mwingi mwezi Mei, mwishoni mwa Agosti na kuanzia Desemba, na kunipunguzia muhula unapoendelea. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Desemba ndio mwezi ambao wenzangu hutaka ruhusa ya kwenda vijijini, naye huhangaika kupata watu. Mwajiri husikiliza zaidi ombi linalomwondolea shida yake mwenyewe.

Uamuzi uliokuwa mzito ni wa kumtoa binti yetu mkubwa bweni na kumweka shule ya kutwa. Ndugu walisema tunamwadhibu kwa madeni yetu. Tulimweleza ukweli na kumwonyesha daftari, naye aliuliza tu kama atarudi bweni kwa kidato cha mitihani. Jibu lilikuwa ndiyo, na tuliliandika. Ila naonya kwamba shule ya kutwa huokoa fedha kwa kudai saa: mtoto anahitaji taa ya kusomea, chakula cha jioni kisichochelewa, na mtu mzima aliye macho. Kama ningekuwa nikichukua zamu zote za usiku, tungepunguza ada na kupoteza masomo. Mambo hayo mawili yalipaswa kuamuliwa pamoja.

Michango ya harusi na misiba haikwepeki, na anayejaribu kuikwepa hujikuta peke yake zamu yake inapofika. Tulitenga kiasi kimoja kwa mwezi, na kikiisha tunasema kwamba tutaleta mwezi ujao, au tunapeleka mikono ya kupika na kuosha vyombo. Katika kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho sanduku lake lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, nilipendekeza mgawo wa mwaka usogezwe kutoka Desemba hadi wiki ya mwisho ya Januari. Palikuwa na manung’uniko, maana Krismasi ina kelele zake, lakini wengi ni wazazi, na mgawo wa Januari huingia shuleni moja kwa moja.

Nawasikia pia wanaosema watalipa wakipata fedha zao za NSSF, yaani akiba ya uzeeni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na zaidi ambaye ameweka akiba kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi 20%. Mimi singezipangia deni la mabati fedha hizo.

Na kuhusu mabati, mwenye duka hakutoza riba, na kwa sababu hiyo ndiye tuliyemweka mwisho. Mdai wa namna hiyo husahauliwa kwa urahisi kwa kuwa ni mpole na hatumi ujumbe wa vitisho. Tulimpelekea shilingi 20,000 kila mwezi, hata Februari, tukienda wenyewe dukani badala ya kutuma kwa simu, na kila mara tulimwomba aandike salio na kutia saini katika daftari letu na lake. Mdai anayekuona kila mwezi hukubali kiasi kidogo, na daftari mbili zinazolingana huondoa ubishi pale mtoto wake anapokuwa dukani siku ambayo yeye hayupo.