Kile kibao cha mkiani si kinachoiinua ndege

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini rubani pale uwanja wa Manda alikuwa akipandisha na kushusha kibao cha mkiani kwa mkono kabla abiria hawajapanda, na kama ndicho kinachoiinua ndege. Hicho ni eleveta. Kuinua ndege ni kazi ya mabawa. Eleveta huipandisha au kuishusha pua tu.

Rubani akivuta usukani kuelekea kifuani, ukingo wa nyuma wa eleveta hupanda. Hewa inausukuma mkia chini, pua inainuka, na mabawa yanaipokea hewa kwa pembe kubwa zaidi. Akizidisha kuvuta, hewa huachana na mgongo wa bawa na ndege huanza kushuka, hata injini ikinguruma vipi.

Kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan hakuna maajabu: waya za chuma zinatoka kwenye usukani, zinapita kwenye makapi kama kamba za jahazi, hadi kwenye wenzo unaoisukuma eleveta. Kuna bawaba, vizito vya kuizuia isitetemeke kwenye mwendo wa kasi, na kibao kidogo ukingoni kinachompunguzia rubani kazi ya mkono. Ndege kubwa hutumia haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo ndani ya mabomba.

Basi rubani yule wa Manda alikuwa akikagua kama eleveta inacheza bila kukwama, bawaba hazijalegea, hakuna nati iliyotoka. Chumvi ya bahari yetu inakula chuma, hata alumini haisalimiki. Ukitaka kuisomea kazi hii, kazana na fizikia. Na ile eleveta usiiguse bila ruhusa, hata kwa mzaha.